Mtu Aliyejua Maana ya Alfresko

Nchi ninayotaka kuwasimulia si hii yetu. Yetu tunaijua, na mambo yake tumeyazoea. Hiyo nyingine iko mbali, ng'ambo ya mbuga na milima, na jina lake sitalitaja, kwa kuwa hata wenyewe kabla ya kulitaja walikuwa wakitazama kwanza dirishani. Ilikuwa na bendera nzuri, wimbo mrefu, uwanja wa mpira wenye majukwaa ya zege, na kiongozi aliyeitwa Mlezi. Mlezi aliwapenda wananchi kama wanawe wa kuzaa, na kama wazazi wengine, hakupenda kuwasikia wakilia.

Mwaka mmoja mvua haikunyesha. Hilo halikuwa kosa la mtu. Mwaka uliofuata haikunyesha tena, na hapo likaanza kuwa kosa, maana wananchi walianza kutumia neno ambalo Mlezi hakulipenda. Neno lenyewe lilikuwa njaa. Redio ya Taifa ilikatazwa kulitamka. Lilimponyoka mtangazaji mmoja katikati ya taarifa ya hali ya hewa, na taarifa iliyofuata ikasomwa na mtu mwingine. Kisha serikali, kwa busara, ikaiunganisha Wizara ya Chakula, ambayo haikuwa na kazi yoyote, na Wizara ya Habari, iliyokuwa na kazi nyingi mno. Wizara hiyo mpya akapewa Mheshimiwa Tamimu Kilatu, mtu mnene mwenye sauti ya upole, ambaye hakuna aliyewahi kumwona amekasirika.

Waziri Kilatu alialikwa Uingereza kwenye mkutano wa kujadili ukame. Jioni wenyeji wake wakampeleka kula kwenye mgahawa wa vyakula vya Kitaliano, na huko akakutana na maneno. Aliporudi, waandishi wa habari walimsubiri uwanja wa ndege kumwuliza amerudi na msaada gani.

"Ndugu zangu," alisema, "taifa letu halina upungufu wa chakula. Lina upungufu wa majina ya chakula."

Na akaanza kazi siku hiyo hiyo. Katika shule za bweni kuni zilikuwa zimekwisha, na wanafunzi walikuwa wakipewa makande yaliyochemka nusu, wakashikwa na matumbo. Wazazi walipolalamika, wizara ikawaeleza kwamba makande yale hayakuwa mabichi. Yalikuwa aldente, na katika nchi zilizoendelea watu hulipa zaidi ili wapikiwe hivyo. Hospitalini mgonjwa alikuwa sasa anapata kikombe cha uji asubuhi, basi, mpaka kesho yake. Uji huo ukapewa jina la antipasto. Waziri akalifafanua bungeni, na wabunge wakapiga meza: mwenye kupewa antipasto hana haki ya kusema hajala. Ana haki ya kusema anasubiri.

*

Nyuma ya soko la mitumba aliishi bwana mmoja, Ladislaus Kamuntu, pamoja na mkewe Domitila. Ujanani wamisionari walimpeleka Italia kusomea upadri. Akakaa huko miaka mingi, akarudi bila upadri ila na lugha, na mtaani wakamwita Padri Nusu. Alifundisha kidogo, akafasiri kidogo, kisha akastaafu mapema kwa sababu hapakuwa na mtu aliyeweza kukaa naye ofisi moja. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na maradhi yake tu: neno la Kitaliano likitumiwa vibaya lilimwasha kama upupu.

Na katika mji ule aliwashwa tangu kunapokucha. Maneno yale hayakuwa yametoka Italia moja kwa moja. Yalipita kwanza kwa Waingereza, nao wakayavaa walivyotaka, wakayapunguza kiuno na kuyarefusha mikono, ndipo yakatufikia, samahani, yakawafikia watu wa nchi ile, kama nguo iliyokwisha kuchukua umbo la mtu mwingine. Vijana wa maofisini walikuwa hawanywi tena kahawa ya maziwa; walikunywa late. Ladislaus alikuwa akiwageukia kutoka meza ya pili, bila kualikwa, kuwaambia kuwa late ni maziwa matupu. Kijana wa benki aliagiza piza ya peperoni, akitaka nyama, na Ladislaus akamfahamisha kuwa alichoagiza ni pilipili hoho.

Aliyemvumilia zaidi alikuwa Mama Pilisila, mwenye mgahawa mdogo karibu na soko. Huyu alitoka upande mmoja na Domitila, wakaitana ndugu, kwa hiyo Ladislaus alikuwa shemeji yake. Mlangoni pa mgahawa alikuwa ameweka ubao ulioandikwa kwa chaki: PANINI MOJA NA LATE. Ilikuwa vipande viwili vya mkate na yai katikati. Kila asubuhi Ladislaus alisimama mbele ya ubao ule akasema kwamba panini ni nyingi, na ikiwa moja huitwa panino, na Mama Pilisila akamjibu kuwa amesikia, akamwekea chai yake, na ubao ukabaki vilevile.

Chini ya ubao, miezi ile, walikuwa wamekaa akina mama na watoto wakingoja makombo. Ladislaus aliwaruka kila siku akiwa na hasira zake. Siku moja Domitila alimwuliza kama amewaona wale watu waliokaa chini ya ubao. Akauliza ubao upi, ule wenye makosa?

*

Sasa ikawa Waziri ametaja antipasto redioni mara nyingi mno, na Ladislaus hakuweza kustahimili zaidi. Redio ya Taifa ilikuwa na kipindi cha mchana ambamo wananchi walipiga simu kuipongeza serikali. Ladislaus alipiga. Alipoulizwa anataka kusema nini, akajibu kuwa angependa kuzungumzia maneno ya Waziri, na mtangazaji, kwa kudhani ni pongezi, akamfungulia.

"Antipasto," alisema Ladislaus, kwa sauti ya mwalimu, "ni kile kinacholiwa kabla ya mlo. Pasto ni mlo. Anti, hapa, ni kabla. Kama baada yake hakuna mlo, basi hicho si antipasto. Hiyo ni njaa."

Alikuwa na la kuongeza kuhusu matamshi, lakini nyimbo za uzalendo zilikuwa zimeshaanza kupigwa.

Pale sokoni watu waliacha kupima na kupimiwa. Hawakucheka mara moja. Mwanamke mmoja muuza vitunguu alirudia maneno yale polepole, mtu wa pili akayarudia, na kufika jioni mji mzima ulikuwa na salamu mpya. Mtu alimwambia mwenzake, "Pasto iko wapi?" na mwenzake akajibu, "Bado iko njiani." Wagonjwa waliwauliza wauguzi. Wanafunzi waliwauliza walimu. Swali hilo likaandikwa kwa mkaa kwenye ukuta wa benki. Wanawake wakaanza kukusanyika kwenye uzio wa wizara wakiwa na masufuria matupu, wakiyagonga bila kusema neno.

Ladislaus alishangaa watu asiowajua wakimpa mkono njiani. Alirudi nyumbani akamwambia mkewe kuwa hakuwa amejua taifa lina watu wengi kiasi kile wanaopenda usahihi.

Gari likaja kumchukua. Halikuja usiku, kama yalivyozoea magari hayo, bali mchana kweupe, na dereva akabisha hodi kwa adabu. Domitila alimvalisha mumewe sweta ingawa kulikuwa na joto. Alikuwa amesikia kwamba wanaochukuliwa husikia baridi.

Waziri Kilatu alisimama kumpokea. Akamshika mikono yote miwili, akamketisha, akamwita ndugu na msomi. Alisema taifa haliwezi kuendelea ikiwa wasomi wake wanapiga simu redioni kama watu wasio na mahali pa kwenda. Alisema kwa muda mrefu amekuwa akihisi kuwa kuna kitu hakijakaa sawa katika antipasto, ila hakuwa na mtu wa kumwambia kweli.

Ladislaus aliingia mle akiwa tayari kupigwa. Hakuwa tayari kusikilizwa. Alipotoka alikuwa Mshauri Mkuu wa Usahihi wa Maneno ya Chakula, na gari lililomleta likamrudisha pamoja na gunia la unga.

Domitila aliuliza kama amekubali. Akasema maisha yake yote hakuwa amepata mtu wa kumsikiliza, angekataaje? Jioni ile Domitila alisonga ugali, na harufu ikatoka ikaenda mtaani. Watoto wa jirani wakaja wakasimama dirishani. Domitila hakuweza kula dirisha likiwa wazi, na joto halikumruhusu kulifunga. Akawagawia ule ugali, naye akala ukoko.

*

Kazi ya kwanza ya Mshauri Mkuu ilikuwa kuondoa antipasto katika hotuba zote. Waziri hakubisha hata kidogo. Aliuliza tu, kwa unyenyekevu wa mwanafunzi, ni neno gani basi la Kitaliano linalofaa kwa hali ya mtu aliyekaa bila kula. Ladislaus akamwambia: dijuno.

Kesho yake redio ikatangaza kuwa taifa zima limeingia katika dijuno, na kwamba maandalizi yamekamilika. Ladislaus alisikiliza na kikombe mkononi, akafurahi mpaka machozi yakamlenga. Kwa mara ya kwanza serikali ile ilikuwa imesema kweli, kwa neno sahihi, na hakuna aliyeielewa.

Lakini masufuria hayakunyamaza. Ilisemekana Mlezi ameumia moyo kwa kelele za masufuria hayo. Waziri akabuni karamu kubwa katika uwanja wa mpira, wageni wa nje waje wapige picha, meza zipangwe kwenye nyasi, na walioalikwa wawe wale hasa wanaolalamika. Alimwita Ladislaus ofisini, wakiwa wawili tu, amwulize kuhusu jina. Alitaka kuiita Karamu ya Alfresko, kama wasemavyo Waingereza wanapokula nje.

Ladislaus akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka ndani ya jengo lile.

"Mheshimiwa, hilo ni kosa la Waingereza," alisema. "Hakuna Mtaliano anayekula alfresko. Kwao ni msemo wa mtaani. Wakisema fulani yuko alfresko, yaani kwenye ubaridi, wana maana yuko jela."

Waziri hakucheka. Feni ilikuwa ikizunguka juu yao, na aliitazama kidogo.

"Rudia," alisema. "Taratibu."

Ladislaus akarudia.

"Hapa nchini, wanaojua maana hiyo ni wangapi?"

"Mimi na wewe, Mheshimiwa. Na Waitaliano wenyewe."

"Waitaliano hatutawaalika," alisema Waziri. Kisha akasimama, akamwekea mkono begani, akamwambia kwa upole kwamba amelifanyia taifa kazi kubwa, na kwamba kuanzia dakika ile maana ya neno hilo ni siri ya nchi. Ladislaus alipokuwa bado anatafuta mlango, Waziri alikuwa ameshainua simu. Alikuwa akiagiza malori. Ladislaus alisubiri kidogo kwenye ushoroba asikie kama ataagiza na sahani. Hakuagiza.

*

Mialiko ilipelekwa kwa mdomo na wajumbe wa nyumba kumi, wakitabasamu. Alialikwa kijana aliyeandika kwa mkaa kwenye ukuta wa benki. Waliitwa wanawake wa masufuria, mmoja mmoja, kwa majina. Aliitwa muuza vitunguu. Aliitwa pia Mama Pilisila, ambaye mgahawa wake ulikuwa umeishiwa kila kitu, naye akafuta ubao na kuandika juu yake neno moja: HAKUNA. Ladislaus alikuwa ameupita ubao huo akaona kuwa hauna kosa.

Mama Pilisila alikuja nyumbani asubuhi ya karamu, amevaa kitenge chake cha harusini, begani ana mfuko wa safari. Domitila alikuwa amekwenda bombani. Ladislaus alimkaribisha kiti, hakuketi.

"Shemeji, sikai," alisema. "Nimepita kukuuliza neno moja tu. Mjumbe ameniambia ninaalikwa alfresko. Alfresko ni nini?"

Miaka yote aliyoishi, Ladislaus Kamuntu alikuwa amewaeleza watu maneno bila kuulizwa. Sasa alikuwa ameulizwa. Alitazama mlango, akatazama kiatu cha Mama Pilisila kilichopakwa mafuta ya kupikia ili king'ae. Alifikiria lile jengo, na mkono ule begani mwake.

"Ni kula nje," alisema. "Mnakula nje, penye upepo."

"Basi ndivyo?"

"Ndivyo wanavyosema Waingereza."

Mama Pilisila akashukuru. Akaushusha mfuko wake, akaomba auache pale kwa dada yake mpaka atakaporudi, akaenda.

Hakurudi jioni ile, wala wenzake hawakurudi. Kesho yake wajumbe walipita wakisema kuwa wageni wameifurahia karamu mno, wameomba wenyewe kubaki. Wakaongeza habari njema: kutokana na mafanikio hayo itafanyika karamu ya pili, kubwa zaidi, na Mlezi mwenyewe atahudhuria.

Ladislaus akaacha kula. Domitila alidhani ni homa, akampikia uji, ukapoa. Siku ya tatu alimwuliza mfuko wa Pilisila umefikaje pale, na kwa nini kila akiukaribia mumewe anageuza uso ukutani. Akamwambia yote, kuanzia kicheko mpaka malori.

Domitila alikunja na kukunjua pindo la kanga.

"Alikuuliza?"

"Aliniuliza."

"Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake."

Alifunga kanga kiunoni akatoka. Hakumkemea wala hakulia. Alikwenda bombani, ambako foleni ilikuwa ndefu kwa sababu maji nayo yalikuwa katika dijuno, akaanza na mwanamke wa mwisho. Akaenda kwenye foleni ya mkaa, akaenda kanisani, akaenda msikitini upande wa wanawake. Ladislaus alikuwa akimsikia kutoka dirishani akiwaeleza majirani. Hakuweza kulitamka lile neno. Alisema alufiresiko, mara alafurisko, kila mtu akalipokea alivyoweza na kwenda nalo. Ladislaus alisikiliza makosa yote yale, na kwa mara ya kwanza hayakumwasha popote. Alitamani tu yaende haraka.

*

Siku ya karamu ya pili uwanja ulikuwa umepambwa. Meza zilikuwa na vitambaa vyeupe, na juu ya vitambaa palikuwa na uma na visu, hakuna kingine. Bendi ya polisi ilipiga nyimbo zote inazozijua, ikaanza upya. Viti vilikuwa vitupu. Wajumbe walirudi wakisema kuwa kila nyumba waliyobisha hodi walikuta mtu ana mgonjwa, au ana msiba, au hayupo, na sauti iliyowaambia hayupo ilikuwa yake mwenyewe.

Ving'ora vya msafara wa Mlezi vikasikika ng'ambo ya reli.

Hapo Waziri Kilatu, kwa sauti yake ileile ya upole, akaagiza wafanyakazi wote wa wizara waketi. Wakaketi makarani na madereva. Wakaketi wapishi ambao hawakuwa na cha kupika. Wakaketi wajumbe wa nyumba kumi. Ladislaus akaonyeshwa kiti katikati, akaketi, akakunjua kitambaa akakiweka magotini kwa mazoea ya zamani. Hata hivyo safu ya mbele ilikuwa na pengo moja, palepale ambapo kamera zingepiga, na afisa wa itifaki akasema kuwa Mlezi hapendi mapengo. Waziri alitazama huku na huku. Kisha akaketi yeye.

Mlezi hakushuka jukwaani. Alipunga mkono, akasoma hotuba fupi kuhusu ukarimu, akawatakia mlo mwema, akaondoka na msafara wake. Mageti yakafungwa. Malori yakaingia kinyumenyume kutoka upande wa goli.

Waziri Kilatu alisimama akamweleza afisa wa malori kuwa yeye ni Waziri. Afisa alikuwa kijana mwenye nidhamu. Alijibu kwamba ameamriwa kuwachukua waliokaa, na hakupewa majina. Na kwamba hata wale wa karamu ya kwanza walikuwa na maelezo mengi. Akamsaidia kupanda, akimshika kiwiko, kama inavyopasa kumshika mkubwa.

*

Mahali walipopelekwa palikuwa kiwanda cha zamani cha pamba, nje ya mji. Wanaume waliwekwa ghala la kushoto, wanawake la kulia, na katikati palisimamishwa ukuta wa mabati. Waziri alilala chini pamoja na wengine na kwa siku kadhaa aliendelea kuwaambia walio karibu yake kuwa kuna kosa dogo la kiutendaji. Hakuna aliyembishia. Walikuwa wakihifadhi nguvu.

Asubuhi moja Ladislaus alisikia mtu akikohoa upande wa pili wa bati, akakitambua kile kikohozi cha moshi wa jikoni.

"Mama Pilisila?"

Sauti ikauliza, "Shemeji? Na wewe walikualika?"

Akainama mpaka paji la uso likagusa bati. Hakuanza na salamu, wala hakutafuta maneno mazuri. Alimwambia kwamba asubuhi ile alijua. Alimwambia neno lile lina maana gani kwa wenyewe, na kwamba alimficha kwa kuhofia usalama wake mwenyewe.

Mama Pilisila alipojibu hapakuwa na hasira ndani ya sauti yake, na hilo ndilo lililomwumiza.

"Mfuko niliouacha kwako ulikuwa wa safari," alisema. "Nilikuwa naondoka kwenda kwa kaka yangu kijijini siku ile ile. Moyo wangu ulikataa huo mwaliko tangu mjumbe alipofungua mdomo. Nikasema nipite kwanza kwako. Wewe watu walikuchoka, lakini hakuna aliyesema umewahi kumdanganya neno."

Ladislaus akamwita. Akamwita tena. Alisikia nyayo zake zikiondoka kwenye ule ukuta taratibu, na tangu siku hiyo hakukohoa tena karibu na pale.

Maisha ya mle sina haja ya kuyaeleza. Nitasema tu kuwa baada ya ile karamu ya pili serikali ya nchi ile iliacha kabisa maneno ya kigeni. Hapakuwa na Waziri wa kuyaleta wala Mshauri wa kuyasahihisha. Gari la matangazo lilikuwa likipita mtaani polepole, likitaja jina la mtu, kisha likisema, kwa Kiswahili safi kisichohitaji mkalimani, "Toka."

Alasiri moja lori liliingia uani. Wanaume walichungulia kwenye nyufa za mbao. Walikuwa wakishushwa wanawake, wengi, baadhi yao bado wana masizi mikononi, na mlinzi mmoja alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akiwaandika. Alikuwa mlinzi wa siku nyingi, mchovu, ambaye hakuwa amefika nyumbani kwake tangu karamu ya kwanza. Aliuliza kila mmoja jina na kosa.

"Domitila Kamuntu," alisema wa nne.

Ladislaus alishika mbao kwa mikono miwili.

"Kosa?"

"Niliwaambia wenzangu maana ya neno."

Mlinzi akainua kichwa. Aliuliza ni neno gani. Domitila akamwambia, kwa kulitamka vibaya, na akamweleza maana yake kama alivyowaeleza watu wa bombani, bila kuongeza wala kupunguza: kwamba Waingereza husema ni kula nje, lakini wenyewe hasa humaanisha mtu aliyefungiwa.

Mlinzi alifikiri. Kalamu ilibaki hewani.

"Mimi huu ni mwezi wa pili sijaruhusiwa kwenda nyumbani," alisema. "Tunaambiwa tuko kazini. Kwa hiyo na sisi tuko huko?"

Mlinzi aligeuka akatazama lango alilopewa kulilinda. Lori lilikuwa limeshatoka, na mnyororo ulikuwa ukisikika ukipitishwa, upande wa nje. Akalitazama mpaka kufuli likalia. Kisha akarudisha macho kwenye karatasi, akaandika jina la Domitila, akaita anayefuata.